Goti moja, sheria tatu

Mwezi huu meseji nyingi zimetoka kwa wastaafu wa jeshi na familia zao, nadhani ni ile taarifa ya Australia iliyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ndo imewaamsha, basi nimeziweka pamoja. Wale wa viwanja na mikopo ya tumbaku mtanisubiri toleo lijalo, msinune.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni sajenti mstaafu, nakaa Ipuli hapa Tabora mjini. Kijana wangu kanisomea kwenye simu kwamba Australia wamefuta sheria zote za zamani za wanajeshi wastaafu wakatunga moja tu na sasa kila mtu analipwa bila usumbufu. Ni kweli? Na kama ni kweli kwa nini na sisi tusifanye hivo, maana goti langu liliumia mazoezini miaka hiyo na kila ofisi ninayoenda naambiwa sio hapa. Mstaafu, Ipuli.

JIBU: Shikamoo Mzee. Kijana hajakudanganya ila kaongeza chumvi kidogo. Hawajafuta kitu, na hiyo ya kulipwa bila usumbufu tuiache kwanza.

Australia walikuwa na sheria tatu za wanajeshi wao zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, moja ya mwaka 1986, nyingine ya 1988, ya tatu ya 2004. Hakuna aliyekaa mezani akasema jamani tuweke tatu. Kila serikali ilipoona ya zamani ina matundu ikatunga mpya juu yake, ya zamani ikabaki ilipo kwa sababu kuna watu tayari wanalipwa kupitia hiyo na ukiigusa wanapiga kelele, na wana haki ya kupiga kelele.

Sasa weka goti lako pale uone. Tuseme uliingia jeshini 1990 ukatoka 2010, goti likaumia mara ya kwanza 1992 kwenye mazoezi, ukapona nusunusu, 2006 likaumia tena. Goti ni hilo hilo moja. Lakini kwao la 1992 linaweza kuingia kwenye sheria ya 1986 na ya 1988 zote mbili, la 2006 linaingia kwenye ya 2004, na kila sheria ina namna yake ya kupima umeumia kiasi gani, namna yake ya kutaka ushahidi, na namna yake ya kulipa. Moja inakupa hela kidogo kidogo kila wiki mbili maisha yako yote, nyingine inatoa kwa mkupuo, ya tatu inakuacha uchague. Afu ili usilipwe mara mbili kwa goti lile lile wanakata za huku kutoka kule, na hayo mahesabu hata wanaolipwa kuyaelewa walikuwa wanaumwa kichwa. Rufaa nazo zilikuwa na njia tofauti, kutegemea umeangukia sheria gani.

Mwaka 2019 tume yao ya uchumi ilishasema huu mfumo haufai. Ukaendelea kuwepo. Kilichosukuma mambo ni jambo la huzuni, wanajeshi na waliokuwa wanajeshi wao wamekuwa wakijiua, takwimu zao rasmi zinahesabu watu 1,677 kati ya 1997 na 2021, na 2021 ikaundwa tume kubwa ya kuchunguza. Mzee, ile tume haikusubiri hata kumaliza kazi. Agosti 2022 ilitoa ripoti ya katikati na pendekezo lake namba moja halikuwa la madaktari wala la silaha, lilikuwa rahisisheni hizi sheria. Waliona kwamba mtu ametoka vitani kichwa hakijatulia, unampa fomu zisizoisha na majibu yanayochelewa, unamzamisha zaidi. Ripoti ya mwisho ikatoka Septemba 2024 ikiwa na mapendekezo 122, na Februari 2025 bunge lao likapitisha sheria ya kurahisisha.

Inavyofanya kazi ni kwamba kuanzia 1 Julai 2026 madai yote mapya yanaingia kwenye sheria moja, ile ya 2004 iliyofanyiwa marekebisho. Anayelipwa chini ya zile mbili za zamani anaendelea kulipwa, hela yake haiguswi na inapanda kufuata gharama za maisha, ila akiwa na dai jipya au ugonjwa ukizidi anaingia mlango mpya. Kwa iyo zile za zamani hazijafutwa, zimefungwa mlango wa kuingilia tu na zitaishi mpaka mtu wa mwisho afe. Ndo maana nasema kijana kaongeza chumvi. Na wapo wastaafu wa kule wasioipenda kabisa, wanasema sheria ya 1986 ilikuwa na mambo mazuri kwao hasa kwa mtu ambaye umri umeenda, na hiyo hofu ilibidi itengenezewe malipo maalum ya wazee kwenye sheria mpya.

Sasa wengi wakisikia kurahisisha wanadhani maana yake ni kupunguza idadi ya sheria. Mimi sioni hivo. Ungeweza kuwa na sheria moja yenye kurasa chache na bado ukazungushwa mpaka viatu viishe soli, kwa sababu swali lenyewe ni moja tu, nani anatakiwa kuthibitisha? Wewe mwenye goti, au serikali yenye mafaili?

Angalia vitu viwili walivyonavyo ambavyo havihusiani na idadi ya sheria. Cha kwanza, mtu yeyote aliyefanya kazi ya jeshi ya kudumu kule hata siku moja, akisumbuliwa na akili anatibiwa bure bila kuthibitisha kwamba jeshi ndo lililomsababishia. Hakuna kuulizwa ulikuwa kikosi gani siku ile kulipotokea nini. Unaumwa, unatibiwa, basi. Cha pili, tangu 1994 wana jopo la madaktari linaloandika ugonjwa mmoja mmoja na mambo ya kazi ya jeshi yanayoweza kuuleta, kwa iyo karani akiletewa dai la sikio anafungua waraka wa sikio anaona kama kazi yako ilikuwa kwenye mizinga kwa muda unaotosha, hakuna daktari wa huku kubishana na daktari wa kule. Marekani nao Agosti 2022 walipitisha sheria inayosema mwanajeshi aliyekuwa karibu na yale mashimo ya kuchomea takataka huko Iraki na Afganistani akipata magonjwa fulani, ni zaidi ya 20, inachukuliwa moja kwa moja kwamba kayapata kazini. Haulizwi athibitishe moshi upi ulimwingia.

Kuna na hili ambalo kwenye meseji za WhatsApp silioni. Ile tume ilikuta kule Australia madai karibu 42,000 yamelala mezani hayajaguswa. Yaliisha mwanzoni mwa 2024, mwaka mzima kabla sheria mpya haijapita. Yaliishaje? Serikali iliongeza wafanyakazi 500. Makarani bana! Sheria nzuri bila karani wa kuisoma ni karatasi.

Tuje kwako. Unaambiwa sio hapa kwa sababu huku kwetu vitu vitatu vinakaa sehemu tatu. Pensheni ya mwanajeshi inalipwa na Hazina, haitoki kwenye mfuko wa PSSSF kama ya mwalimu au nesi anayestaafu leo. Kumbukumbu za utumishi wako ziko jeshini. Rekodi za matibabu ziko hospitali ya jeshi ulikotibiwa. Ukienda Hazina na goti wataona pensheni yako inatoka, kwao umekamilika. Dai lako wewe sio la pensheni, ni la kuumia kazini, kwa iyo linaanzia jeshini, na usiende kwa mdomo. Andika barua, weka namba yako ya jeshi, kikosi, mwaka na mahali ulipoumia, nani alikuwa kamanda wako kama unakumbuka, ulitibiwa wapi, na uombe kumbukumbu zako za matibabu zitafutwe. Uanzie kambi ya jeshi ya Milambo hapo kuuliza barua iende kwa nani. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Hiyo yenye muhuri ndo mali yako kuliko hata goti. Na kama hujajiunga na MUWAWATA, ule muungano wa wanajeshi wastaafu Tanzania, jiunge, maana kuna wenzako wameshapita hii njia wanajua mlango upi unafunguka.

Kama uliumia na hukuandikishwa siku ile ukasema nitakaza kiume, na najua wengi mlifanya hivo, itakuwa ngumu, sitakudanganya. Hapo utahitaji wenzako wa kikosi waandike ushuhuda kwa kiapo wakati bado mna nguvu.

SWALI: Mimi ni mjane niko Kaliua. Marehemu mume wangu alichukuliwa mgambo akaenda vita vya Amini, alirudi salama akaendelea na kilimo, amefariki. Ninayo medali na picha moja. Watoto wanasema nastahili pensheni ya vita. Nianzie wapi? Mama wa Kaliua.

JIBU: Pole sana mama kwa msiba. Nitakujibu vile ilivyo ingawa najua si ulichotaka kusikia.

Pensheni inatokana na miaka ya utumishi. Mwanajeshi wa kudumu anaajiriwa, anatumikia, anastaafu, analipwa. Mgambo alikuwa raia aliyeitwa. Nyerere alitangaza vita 2 Novemba 1978, siku moja tu baada ya Amini kusema eneo la Kagera ni lake, na jeshi la kudumu peke yake lisingetosha, wakaingizwa mgambo, JKT, polisi, magereza. Wanahistoria wanakadiria jeshi lilivimba likapita watu 150,000 na mgambo peke yao walikuwa kama 40,000. Kampala ilipoanguka 11 Aprili 1979 na vita kuisha Juni, wengi wao walirudishwa vijijini kwao, kwenye tumbaku na mahindi. Kwa iyo mume wako kama alirudi mzima na hakuajiriwa jeshini baada ya hapo, pensheni ya kila mwezi haikuwahi kuanza, na isiyoanza hairithiwi.

Ila kuna milango miwili ya kuangalia. Aliumia kule? Kama ana kovu la vita na lilitibiwa jeshini hiyo ni hadithi nyingine, ni fidia. Au baada ya vita alibakizwa jeshini hata miaka kadhaa? Wapo waliobakizwa, ulizia kwa wenzake waliotoka naye kijiji kimoja. Kama kuna stahili yoyote ambayo hakulipwa akiwa hai, wewe huwezi kuidai kwa medali, unatakiwa uwe msimamizi wa mirathi. Ukoo ukae kikao uandike muhtasari wa kukupendekeza, cheti cha kifo kiwepo cha RITA sio kile kikaratasi cha kibali cha mazishi, uende Mahakama ya Mwanzo uteuliwe. Hii ifanye hata kama hakuna hela ya jeshi kwa sababu shamba na nyumba navyo vinaihitaji. Wajane wengi wa huku kwetu wanakwama hapa, sio jeshini. Shemeji anakaa na cheti, kikao cha ukoo hakiitishwi, miaka inapita.

Maoni yangu kuhusu mgambo ni haya na sijali nani atakasirika. Kila 25 Julai tunaadhimisha Siku ya Mashujaa, tunaweka mkuki na ngao, vizuri. Lakini mgambo aliyekwenda kwa miguu mpaka Uganda anakaa kwenye kijiji ambacho mwenyekiti wake hana hata orodha ya majina. Kabla hata ya kuongelea shilingi ngapi, tungeanza na majina, kata kwa kata, wakati wazee bado wapo wa kusema huyu tulikuwa naye na huyu hatukuwa naye. Bila orodha hiyo hata ikitungwa sheria nzuri ya kuwasaidia itakuwa inatafuta watu gizani, na wa kwanza kujitokeza watakuwa wale ambao mwaka 1978 walikuwa chekechea.

SWALI: Nilipita JKT Bulombora kwa mujibu wa sheria baada ya fomu siksi. Je na mimi nahesabika mwanajeshi mstaafu? Kijana wa Mwanga, Kigoma.

JIBU: Hapana mdogo wangu. Uliyopata ni mafunzo, hukuajiriwa. Cheti chako kitunze, kitakusaidia kwenye maombi ya kazi za ulinzi na usalama. Ila kama uliumia kule mafunzoni na una karatasi za hospitali usizitupe.

SWALI: Babu yangu mzaa baba, mtu wa Ujiji, alipigana Burma upande wa Waingereza kwenye KAR, jeshi lao la Afrika Mashariki, Vita vya Pili vya Dunia. Nimesoma kwamba Waingereza waliwapunja na sasa wanalipa. Sisi wajukuu tunadai wapi? Mjukuu, Ujiji.

JIBU: Kupunjwa ni kweli. Februari 2019 vyombo vya habari vilitoa nyaraka za serikali ya Uingereza zinazoonyesha kwamba wakati vita inaisha askari alilipwa kiinua mgongo kwa kuangalia cheo, muda aliotumikia, na rangi yake. Mweusi aliondoka na mpaka mara tatu pungufu ya mzungu wa cheo hicho hicho. Imeandikwa kwenye karatasi yao wenyewe, sio hadithi za vijiweni.

Kwamba wanalipa, hapo ndo mambo yamechanganywa. Novemba 2018, kabla hata ya hizo nyaraka, Uingereza ilitangaza kama pauni milioni 12 kwa askari wa zamani wa makoloni walio hai na wajane wao wenye shida, zipitie kwenye jumuiya ya wanajeshi wastaafu wa Jumuiya ya Madola, lengo mtu apate angalau milo miwili kwa siku. Ule ni msaada wa chakula. Haukuwa fidia ya kupunjwa, na wajukuu hawamo. Kwa iyo ndugu yangu kwa upande wa hela sioni mlango wako.

Ila niruhusu nitoke nje ya swali kidogo kwa sababu wewe ni mtu wa Kigoma na hili linagusa watu wa huko na wa Tabora kwa pamoja. Kabla ya askari wa Mwingereza kulikuwa na askari wa Mjerumani. Wabelgiji waliichukua Kigoma Julai 1916 na Tabora 19 Septemba mwaka huo huo, na vijana wengi wa Kinyamwezi na Kisukuma walikuwa upande wa Mjerumani, wengine kwa bunduki, wengine wengi zaidi kwa mizigo kichwani. Mjerumani aliposalimu amri Novemba 1918 askari wake walikuwa wanadai mishahara. Walikaa nayo hiyo deni miaka mingapi? Mpaka 1964! Ndo bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa waliobaki hai.

Inasimuliwa kwamba walifungua meza ya malipo Mwanza, wakaja wazee kama 350, wenye cheti cha utumishi wakahesabika kwa vidole, wengine wana vipande vya sare zilizochakaa na wengine mikono mitupu. Sasa karani wa benki aliyetoka Ujerumani akafanya kitu cha akili, kila mzee alipofika mbele akapewa ufagio na kuamrishwa kwa Kijerumani, bega silaha, shusha silaha. Hakuna aliyekosea hata mmoja. Wakalipwa.

Sijui kama kila neno la kisa hicho lilitokea vile, wasimuliaji wanapenda kunogesha, lakini nakipenda kwa sababu yule karani hakumwambia mzee wa miaka 70 karudi kijijini kwako katafute karatasi ya 1914. Aliuliza kitu ambacho mzee mwenyewe anacho. Mzee wa Ipuli, ukipita hapa, hicho ndo nilichokuwa nasema kule juu. Na wabeba mizigo je? Hao ufagio usingewasaidia, hakuna aliyewafundisha bega silaha.

SWALI: Huku Nzega kuna mtu anaandikisha familia za waliopigana Kagera, anasema sheria mpya ya fidia imepita na kila familia itoe elfu thelathini ya fomu na namba ya NIDA. Grupu letu lina watu wengi wameshatoa. Ni halali? Msomaji, Nzega.

JIBU: Acheni kutoa kuanzia leo. Dai la jeshini linaanza kwa barua yako na kumbukumbu zako kama nilivomjibu yule mzee, halianzi kwa elfu thelathini ya mtu anayezunguka na daftari. Malipo halali ya serikali unapewa kontrol namba unalipa benki au kwenye simu na risiti inatoka, ukiambiwa tuma kwenye namba ya mtu, hapo hapo jua. Na muulizeni swali dogo tu, hiyo sheria inaitwaje, ilipitishwa bungeni lini? Atawaambia ni siri ya serikali. Sheria haiwi siri, inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na mbunge wenu anaweza kuwaambia ndani ya simu moja kama ipo au haipo.

Namba ya NIDA ndo inaniogopesha kuliko hiyo elfu thelathini, maana na hiyo mtu anaweza kusajilia laini ya simu na kukopea huku na huku kwa jina la bibi yako. Mlioshatoa msiende mmoja mmoja kulalamika, nendeni polisi kama kundi mkiwa na majina, kiasi na tarehe, meseji za muamala msizifute, na mkifika hapo ombeni RB kila mtu aondoke na namba yake. Afu kwenye simu za wale wazee pigeni *106# mwangalie kama kuna laini ngeni zimesajiliwa kwa kitambulisho chao, zikionekana mziripoti kwenye duka la kampuni husika siku hiyo hiyo.